Kijivu Nacho ni Rangi

Masika, mwanangu,

Kesho unapanda basi la Kampala, na mimi ambaye maisha yangu yote nimewasemesha wateja mpaka wakasahau walichojia, nimekosa neno la kukuambia tangu Jumanne. Basi naandika. Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea brashi, kalamu unaionea haya.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za kukaa kwa watu, wala za wavulana wa Kampala. Hayo mjomba wako Paluku, unayekwenda kukaa kwake, atakuchosha nayo kuanzia siku ya kwanza. Anapenda kushauri kuliko anavyopenda kula, na unajua anavyokula. Mimi nataka tuongee juu ya picha moja tu, na unajua ni ipi.

Unaondoka wakati wewe na mama yako hamsemeshani. Hilo ndilo linaloniuma. Kwenda, nenda, nimefurahi. Wamekupokea kwenye shule ya michoro na picha, njia bado ni wazi, na binti mwenye jicho kama lako asikae hapa Majengo kupiga picha za kadi mpaka azeeke kama mimi. Lakini umekulia katika nchi ambayo mtu huaga asubuhi, na jioni njia imefungwa nyuma yake. Sitaki ufunge mzigo wako na kimya hicho ndani.

Ngoja niliseme jambo lote kama lilivyokuwa, maana humu nyumbani kila mmoja analizungusha kichwani kwa namna yake. Jumanne ulikuwa studio peke yako. Ulifungua picha yetu ya Bonane, ya sikukuu ya mwaka mpya, ile ya mwisho tuliyopiga wote wanne mbele ya pazia letu lililochorwa ndege. Mama yako na kikwembe cha zambarau, kitenge alichokishona kwa ajili ya sikukuu ile. Mimi na koti langu la harusi ambalo halifungi tena. Wewe na gauni la bluu. Na kaka yako Mumbere na shati lake la manjano, kidevu juu kama waziri anayesubiri kupigiwa makofi.

Miezi michache baada ya Bonane ile, Mumbere alibeba kamera akaenda kupiga picha kwenye harusi ya rafiki yake, upande wa Rutshuru. Alitupigia simu alipopita Rumangabo. Akasema njia ni tulivu, akamtania mama yake kwamba kule harusini atamtafutia mkwe. Jioni mapigano yakaanza, barabara ikakatwa, na simu yake haijaita tena. Sasa ni mwaka wa pili. Kuna waliokimbia wanaosema walimwona katika msafara wa watu waliovukia Uganda. Kuna wengine wanaosema mambo mengine, na hao mama yako huwafungia mlango.

Wewe ulitaka kuibeba picha ile uende nayo, na ukaifanyia mtindo ninaowafanyia maharusi. Unalaza picha mbili moja juu ya nyingine, ya juu umeinyang'anya rangi, halafu unaifuta polepole pale unapotaka rangi ya chini itokee. Sisi watatu ukatuachia rangi zetu zote. Mumbere peke yake ukamfanya wa kijivu.

Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo kama fundi. Pale bega lake lilipogusana na la mama yako, rangi haikuvuja hata kidogo. Mimi ningeihangaikia siku nzima na bado ingevuja. Mama yako akaingia kukuletea maharagwe, akaona kioo cha kompyuta, akaweka sahani chini.

"Nani alikuambia alikufa?"

"Mama, sisemi alikufa. Nilitaka tu ionekane kama Mumbere haiko na sisi."

"Batu bamekufa ndio banawekaka vile. Na weye unajua."

Akatoka. Wewe ukaniangalia mimi niliyekuwa nimefika mlangoni nyuma ya mama yako, ukingoja niseme neno. Na mimi nikaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi.

Mtu akidhani nyumba ya mpiga picha imejaa picha za familia, amekosea. Nimepiga watoto wa Majengo wote, wakibatizwa, wakimaliza shule, wakiolewa. Wangu nilisema nitawapiga kesho, leo mwanga si mzuri, leo kuna mteja. Picha za utoto wenu zilikuwa chache, na hizo chache lava ya volkano ilizipitia pamoja na studio ya kwanza. Mumbere alipokua akawa nyuma ya kamera muda wote kama mimi. Kwa hiyo picha nzuri ya Mumbere mtu mzima, anayetazama mbele, tunayo hiyo moja ya Bonane. Uliigusa hiyo. Hukujua uzito wake, na kosa la kutojua si lako, ni langu mimi wa kesho, kesho.

Sasa nikuambie habari ya mama wa Himbi. Umetusikia tukiicheka mara nyingi, lakini ulikuwa mdogo na nadhani hukupata kuisikia yote.

Nilipojifunza mtindo huu kwenye kompyuta niliupenda kama mtoto aliyepewa filimbi. Kila harusi niliyopiga ilitoka hivyo, watu wote kijivu, maua ya bibi harusi mekundu. Halafu ikaja harusi ya watu wa Himbi, wenye nyumba karibu na ziwa, walioagiza albamu ya ngozi. Bibi harusi nikamwachia rangi, bwana harusi nikamwachia rangi, na wazazi waliokuwa nyuma yao nikawafanya kijivu wote. Nikaona nimetengeneza kitu cha kwenda Ulaya. Siku moja baada ya kuwapa albamu hiyo, mama wa bwana harusi akashuka kwenye gari mbele ya studio, albamu ameifunga kwenye kitambaa kama kitu kinachonuka.

"Papa Mumbere," akaniita, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Ile siku nilicheza mpaka viatu vikakatika. Juu ya nini uliniweka na batu bamekufa?"

Nikaanza kumweleza kuwa ni mtindo, kwamba hata Kinshasa wanafanya. Akaniacha nimalize.

"Kwenye matanga, foto ya mufu banaifanyaka namna gani?"

Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu ni mimi ninayezitengeneza. Familia inakuja na kapicha ka kadi, tunakakuza, tunaitoa rangi, tunachora utepe kwenye kona, na siku ya maziko watu wanaivaa kwenye fulana. Mtu wa mji mwingine angemwona mwanamke yule kuwa mkorofi. Hapa kwetu hata mtoto angejua kwamba nilikuwa nimemzika mama mzima katikati ya harusi ya mwanawe, tena nikamtoza pesa.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema hatoki mpaka apate rangi yake. Nilimrudishia kilemba, kikwembe, mkufu, mpaka soda aliyokuwa ameshika. Nilipomaliza nikaanza kumfunua baba wa bibi harusi aliyekuwa pembeni yake, akanishika mkono.

"Ule muache vile," akasema. Bado walikuwa wanazozana juu ya ng'ombe wa mahari.

Mama yako ndiye anayeipenda hadithi hiyo kuliko wote. Huisimulia kwa majirani akiiga sauti ya yule mama, na mwishoni hucheka yeye kwanza kabla ya wanaomsikiliza. Ndiyo maana Jumanne hakuhitaji mtu wa kumfafanulia alichokiona.

Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine ni ya zamani, kabla hujazaliwa, na sikuwahi kukusimulia mpaka mwisho kwa sababu mwisho wake haunipendezi.

Nilifika Goma nikitoka Butembo, kijana mwenye sanduku la chupa za rangi. Siku zile rangi ilikaa kwenye chupa. Fundi wangu, Muzee Nzanzu, alinifundisha kuipaka juu ya picha nyeusi na nyeupe kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti ya kiberiti. Chupa zile zilitengenezwa kwa ajili ya mashavu ya Wazungu, na muzee alimpaka kila mtu waridi lilelile, wakatoka kama watu waliopigwa makofi. Walilipa na kushukuru. Mimi nikaona haya, nikaacha kabisa kugusa nyuso, nikawa napaka nguo peke yake. Uso ulibaki na kijivu chake cha heshima na kikwembe kikapata uhai. Kwa hiyo utakapowasikia vijana wa huko shuleni wakijisifu kwamba rangi ya sehemu moja ilizaliwa kwenye kompyuta, cheka kimoyomoyo, usiwaaibishe.

Halafu ukaja mwaka ambao wakimbizi walimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, wakaujaza mji, barabarani, uwanjani, kwenye ngazi za makanisa. Watoto wengi walikuwa wamepotezana na wazazi wao njiani. Kituo kimoja kilichowakusanya kikaniita niwapige picha mmoja mmoja, picha zibandikwe kwenye mbao kambini, ili wazazi wapite wakitafuta. Filamu ya rangi haikupatikana. Nilipiga nyeusi na nyeupe, nikasafisha kwa maji ya ziwa niliyoyachuja na shati langu.

Nilizoea kusimama karibu na mbao zile kuangalia. Kina mama walipita polepole, mikono nyuma, kama watu wanaoogopa kugusa kitu dukani. Watoto wote walikuwa wamenyolewa kwa ajili ya chawa, wote wamekonda, wote kijivu. Nikagundua jambo moja, kwamba macho ya mama hayakuanzia usoni. Njaa ilikuwa imebadilisha nyuso. Macho yalianzia kwenye nguo, yakitafuta ile waliyomvalisha mtoto asubuhi ya kukimbia.

Kulikuwa na kabinti kamoja, labda miaka mitano, kenye sweta ya kufumwa kwa mkono. Ilikuwa ya kijani, ila mkono mmoja ulikuwa wa machungwa. Kwenye picha hukuweza kujua. Kijani kile na machungwa yale, ukivinyang'anya rangi, vinatoa kijivu kilekile. Nikaomba ruhusa nirudishe rangi kwenye sweta, nikapaka pale pale kambini, njiti ya kiberiti mkononi, sanduku juu ya mapaja. Siku ileile mwanamke mmoja akasimama mbele ya picha. Nilimkumbuka, alikuwa ameipita siku zilizotangulia. Aliweka kidole kwenye ule mkono wa machungwa, akakaa chini. Alisema kwa Kinyarwanda, nami nilikuwa naelewa kidogo, kwamba uzi wa kijani ulimwishia.

Masika, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hata mlipozaliwa, nisamehe, nilikuwa na woga mwingi zaidi kuliko furaha.

Watu wa kituo wakanisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia. Nikaanza kupaka hata picha za watoto ambao nguo zao nilikuwa nimezisahau. Kulikuwa na mtoto wa kiume ambaye shati lake lilinitoka kabisa kichwani. Nikampaka jekundu, kwa sababu chupa nyekundu ilikuwa wazi na nyekundu huita macho. Asubuhi mwanamume mmoja akasimama mbele yake. Alisimama sana. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikaingiwa na wasiwasi, nikachukua picha nikaenda kituoni kumwona mtoto mwenyewe. Alikuwa amevaa shati la kahawia lililopauka. Aliiangalia picha mkononi mwangu, akasema, "Hii haiko shati yangu."

Nilikimbia kambini kumtafuta yule mtu. Kambi ilikuwa mji mzima, moshi kila upande. Sikumpata. Huenda mtoto hakuwa wake. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, na kuna siku naamini.

Tangu hapo nikajiwekea sharti kwamba rangi ambayo sikuiona siiweki. Sharti hilo nilikufundisha ukiwa bado unakalia kreti ya soda ili uifikie meza ya studio, na ulikuwa mkali kulifuata kuliko mimi. Unakumbuka ulivyomrudisha yule mzee aliyetaka koti lake tulifanye la bluu? Ulimwambia alete koti kwanza. Aliondoka akinung'unika kwamba nimezaa hakimu.

Nilichokosea ni kukuacha ufikiri kwamba sharti linazihusu nyekundu na kijani na manjano tu. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Niliona kijivu kama mahali ambapo rangi haijafika, ukikiweka hujasema kitu. Yule mama wa Himbi aliniambia jambo hilo usoni na mimi nikalifanya kichekesho. Kijivu nacho ni rangi, mwanangu. Kwa watu wetu kinasema maneno mengi kuliko nyekundu. Na kwa Mumbere hakuna hata mmoja wetu aliyekiona.

Sasa kwa nini nilinyamaza pale mlangoni, wakati yote haya nilikuwa nayajua?

Nilinyamaza kwa sababu siku nyingine mimi nafikiri kama picha yako. Naamka Mumbere akiwa hai. Mchana, jenereta likigoma na mji ukitulia, amekufa. Nikifunga studio amefufuka, nasikia hata namna anavyoburuta viatu. Nilipoiona kazi yako nilihisi kwamba mtu mwingine amesema badala yangu, nikapumzika. Halafu nikaona haya kwa kupumzika kule. Nikashindwa kukutetea, nikashindwa pia kusimama na mama yako, nikaishia na kitambaa cha kufutia lenzi. Mlihitaji mtu mwenye mdomo pale, na kwa kawaida mdomo ndicho kitu nilicho nacho kingi.

Wala usifikiri nimekukasirikia. Najua ni nani bado anatuma ujumbe kwenye namba ile isiyoita. Sikusoma, mwanangu, niliona jina la kaka yako tu juu ya kioo cha simu yako ulipoiacha mezani. Nilitaka kukukumbatia saa ileile, lakini kulikuwa na mteja.

Na kuna jambo jingine ambalo nadhani limekuchoma zaidi ya ile picha. Majirani wameanza kumwita mama yako Mama Masika badala ya Mama Mumbere. Wanadhani wanamwonea huruma, wasilitaje jina la kaka yako kila asubuhi wanapomsalimia. Naye haitiki. Umeona anavyopita kama hajasikia, na nimeona uso wako anapopita. Umelichukua kana kwamba anakukataa wewe. Sivyo, Masika. Hakuna siku aliyokukataa. Jina lako peke yake, likitoka mdomoni mwa watu wale, ni kama fulana ya maziko. Akiitika, amekubali. Wewe mwenyewe jaribu kumwita Mama Mumbere hata siku moja, kwa utani, uone atakavyogeuka.

Sasa nikuambie ya leo, ndiyo hasa iliyonifanya nichukue karatasi.

Jioni, ulipokwenda kuaga rafiki zako, nilirudi studio. Nilitaka kuirudishia picha rangi zake zote, wote wanne sawasawa, nikuchapishie, mambo yaishe. Mama yako akanifuata. Sikumwita. Akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Fungua ile foto."

Nikafungua. Nikaanza kumfunua Mumbere. Shati la manjano likatokea lote, na ile kola aliyokataa kupigiwa pasi. Nilidhani tumemaliza.

"Masika anaenda kule banasema balimuona," akasema. "Ataibeba hii foto. Ataonyesha batu."

"Ndiyo."

"Sasa sisi tuko bengi sana mule. Macho inapotea." Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kikwembe chake cha zambarau, kile alichokuwa amejivunia mwaka mzima. "Miye, unitoe rangi."

Nikakataa. Nilisema siwezi, nikamkumbusha mama wa Himbi, nikajaribu hata kumchekesha.

"Mama Mumbere, weye uko muzima," nikamwambia. "Sitakuweka vile."

"Niko muzima, najua. Fanya. Na weye vilevile, ujitoe."

"Na Masika?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Masika muachie rangi yake. Kesho naye iko njiani."

Nikaanza na mimi mwenyewe, ndiyo rahisi, na koti lile lilistahili kufa zamani. Halafu nikaja kwake. Nilitoa rangi kwenye kilemba, nikatoa kwenye kikwembe, nikashuka mikononi. Nilipofika usoni mkono ulisimama. Nimetengeneza marehemu wengi juu ya meza ile na sikuwahi kulia mbele ya kompyuta. Leo nililia. Mama yako akanipiga kidogo begani, namna anavyowapiga watoto wanaokataa dawa.

"Maliza," akasema. "Miye hakuna mutu ananitafuta. Niko hapa."

Nikamaliza.

Picha iko ndani ya bahasha hii. Nimeifunika kwa plastiki, mvua isiifikie. Kwenye sikio la Mumbere kijivu kimeingia kidogo, macho yangu hayakuwa sawa. Ukipata kompyuta nzuri huko, rekebisha, na usiwaambie walimu wako ni kazi ya nani. Popote utakapofika waonyeshe watu. Hata wakikuambia hawajamwona, ionyeshe na kwa yule wa nyuma yao.

Mama yako hatakuomba msamaha, namjua miaka mingi. Na wewe usimwombe kwa maneno marefu, mtalia wote na basi halingoji. Asubuhi atakuuliza kama umekunywa chai. Nimemsikia sasa hivi jikoni akilijaribu swali hilo peke yake, kwa sauti ya chini, mara moja kwa ukali, mara moja kwa upole. Hata kama utakuwa umeshakunywa, mwambie bado.

Ni mimi papa yako,
Kambale